"Mimi Nimeishi Nao": Jinsi ya Kukagua Dhana Ulizojengewa na Maisha ya Ughaibuni

Mtu ambaye hajawahi kuvuka Chumbageni, mtaa wa hapa Tanga, akisema kwamba Wapakistani ni wakali, utamuuliza amewaona wapi, naye atacheka na mazungumzo yatahamia kwenye jambo jingine. Mtu aliyekaa Dubai miaka sita akisema maneno hayohayo, baraza zima hunyamaza, kwa kuwa ana hoja ambayo hakuna aliyebaki nyumbani anayeweza kuijibu: "Mimi nimeishi nao." Mwongozo huu unahusu hoja hiyo. Nauandika kama mtu aliyeitumia mara nyingi, kwa sauti ya juu, mbele ya watu walioniamini, kisha akalazimika kuzirudia dhana zake moja baada ya nyingine na kukuta kwamba nyingi hazikuwahusu kabisa watu aliokuwa akiwasema.

Nilikuwa mtunza ghala katika eneo la Al Quoz, Dubai, nikilala kambini pamoja na wanaume wa nchi saba. Kwa hiyo mifano yangu ni ya Ghuba, na ndiko ninakokufahamu. Unayejiandaa kusafiri utanufaika ukianza mapema. Aliyekwisha kurudi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu hadithi zake zimesharudiwa mara nyingi na zimekuwa laini mdomoni.

Uliza kazi kabla hujauliza taifa

Katika Falme za Kiarabu, takriban watu tisa katika kila kumi wanaoishi nchini si raia. Mgeni anayefika huona umati wa mataifa na kudhani kwamba amepata nafasi ya kuijua dunia bila kutoka mji mmoja. Asichokiona haraka ni kwamba umati huo umepangwa, na kwamba kila taifa limeingia kwa mlango wake. Mfilipino unamkuta mapokezi, dukani na hospitalini kwa sababu Kiingereza ni lugha ya shule katika nchi yake tangu enzi za utawala wa Marekani, ulioanza 1898 na kumalizika 1946, na mwajiri anayehitaji mtu wa kuzungumza na wateja humpata akiwa tayari. Mtu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, unamkuta kwenye bakala, yaani duka dogo, la kona na kwenye ofisi ya hesabu kwa sababu wanaume wa jimbo hilo walianza kumiminika Ghuba baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kisha kila aliyetangulia akamvuta ndugu yake, jirani yake na shemeji yake. Mpashtuni wa kaskazini magharibi mwa Pakistani unamkuta kwenye teksi na malori. Mmisri yuko ofisini, mahali ambapo barua huandikwa kwa Kiarabu. Mganda na Mkenya wamesimama mlangoni wakiwa wamevaa sare za ulinzi.

Ukikaa katika mpangilio huo miezi sita, akili yako hufanya jambo ambalo hukuiagiza lifanyike: huisoma kazi kama tabia. Unaanza kusema kwamba Wafilipino ni wachangamfu, ukisahau kwamba uliyemwona analipwa ili atabasamu na angekatwa mshahara asingefanya hivyo. Unasema kwamba Wapakistani wana hasira, ilhali unayemsema ameketi nyuma ya usukani kwa muda wa saa kumi na mbili, katika foleni, na hesabu ya siku bado haijatimia. Unasema kwamba Wahindi ni wabahili, kwa sababu Mhindi pekee unayeonana naye kila mwisho wa mwezi ni yule aliyepewa kazi ya kulinda fedha za kampuni na kukuuliza risiti.

Hatua ya kwanza, basi, ni zoezi dogo la kuandika. Chukua sentensi unayoiamini kuhusu taifa fulani, futa jina la taifa, weka jina la kazi, kisha uisome upya. "Madereva wa teksi wana hasira jioni." "Watunza fedha wanapenda risiti." Sentensi ikibaki kuwa kweli, na mara nyingi itabaki, basi ulichojifunza kilikuwa kuhusu ajira, na ungejifunza hichohicho kama usukani ungekuwa mikononi mwa Mdigo au Mchaga.

Mshahara nao unahitaji kuangaliwa kwa jicho hilo, kwa maana hapo ndipo dhana hupata sura ya hesabu. Mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliweka kiwango cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi za ndani nje ya nchi. Kwa fedha za Dubai hiyo ni kama dirhamu 1,470. Mwanamke anayetoka katika nchi ambayo serikali yake haikuweka kiwango, au iliweka kisha ikashindwa kukisimamia, hupiga deki sakafu ileile kwa fedha kidogo zaidi. Mwenye nyumba hatamwambia mgeni wake kwamba tofauti hiyo imetokana na ubalozi mmoja kubana na mwingine kulegea. Atasema kwamba Wafilipino ni wasafi zaidi. Dada zetu wanaofanya kazi hizo, ambao Wakenya na Waganda huwaita makadama, husikia maneno hayo kila siku hadi baadhi yao huyarudia wenyewe, na nimemsikia mmoja akiyarudia kwa unyenyekevu kana kwamba anataja jambo la maumbile.

Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la Waarabu au la zama hizi. Pwani yetu ilikuwa nayo. Wahadhrami waliokuja Zanzibar, Lamu na Mombasa kutoka Shihr na vitongoji vyake walibeba mizigo bandarini, walichota maji na walitembeza kahawa, na neno "Mshihiri" midomoni mwa wenyeji likawa na uzito wa kazi hizo, kana kwamba mtu wa Hadhramaut huzaliwa na birika mkononi. Huko kwao, Hadhramaut, walikuwapo masharifu, wakulima, wafanyabiashara na wanazuoni. Mwenyeji wa pwani hakuwaona hao, au alipowaona aliwaita kwa jina jingine.

Litafute deni

Katika yote niliyojifunza, hili ndilo lililonigharimu zaidi, kwa hiyo nitalieleza kirefu.

Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha mwanamume wa Bangladeshi, mwenye umri wa miaka kama arobaini, aliyekuwa akipakia na kupakua mizigo. Watanzania na Wakenya wa chumba kile tulimdharau, na tulikuwa na sababu ambayo kwetu ilionekana ya haki kabisa. Msimamizi akitafuta mtu wa kufanya kazi Ijumaa, yeye aliinua mkono. Tulipogoma kupakua kontena wakati wa jua la Agosti hadi tuletewe maji, yeye aliingia ndani ya kontena peke yake. Tulisema kwamba Wabangali hawana uti wa mgongo, kwamba ndio wanaowazoesha mabosi vibaya, na kwamba mtu wa namna hiyo hata ukimtetea atakuuza. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi, tena ushahidi wa macho.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa natafuta tochi, nikamkuta ameketi sakafuni na simu imemulika daftari la shule lenye jalada la bluu. Kurasa zilikuwa zimejaa safu za tarakimu, nyingi zimekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilimwuliza kwa mkono ni nini. Akasema, "Hishab." Nikaelewa bila mkalimani, kwa sababu ni hesabu. Kisha akaonyesha tarakimu ya juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, ambayo haikuwa imekatwa, akasema, "Char lakh," akainua vidole vinne. Laki nne. Neno letu na neno lao ni moja. Zilikuwa taka, yaani fedha za Bangladeshi, laki nne alizokopa ili kulipa wakala wa kijijini, wakala wa Dhaka na tiketi, na kwa mkopo huo aliweka rehani shamba la baba yake. Alikuwa na mwezi wa ishirini na sita kazini. Mistari iliyokatwa ilifika karibu nusu ya daftari.

Mimi nilikuja kwa fedha za mjomba, ambaye hakuwa na haraka. Ningeweza kugoma, na kama ningefukuzwa ningerudi Tanga nikiwa na aibu tu. Yeye angerudi akiwa hana shamba. Hakuwa mwoga kuliko mimi. Alikuwa na kitu cha kupoteza ambacho mimi sikuwa nacho, na kila Ijumaa aliyoinua mkono ilikuwa mstari mmoja wa daftari.

Kwa hiyo, kabla hujahukumu namna watu wa taifa fulani wanavyojibeba mbele ya bosi, tafuta kujua walilipa kiasi gani ili wafike hapo walipo, walikopa kwa nani, na nani atadaiwa wakifukuzwa. Gharama za kuajiriwa hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na zinaeleza mengi ya yale tunayoyaita ujasiri, ulegevu, unafiki au kiburi. Usimwulize mtu jambo hilo siku ya kwanza, na usimwulize mbele ya wenzake. Mwulize kwanza juu ya watoto. Deni hufuata lenyewe.

Angalia mnakutana mahali gani

Watu wengi huamini kwamba kuishi pamoja kunatosha kuondoa chuki. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alilichunguza suala hili na mwaka 1954 akaeleza kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki hasa pale panapokuwa na mambo manne: watu wawe na hadhi sawa mahali hapo, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana badala ya kushindana, na mamlaka au desturi iunge mkono ukaribu wao. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi wa tafiti 515 na kukuta kwamba kwa jumla kukutana hupunguza chuki hata masharti hayo yasipotimia yote, ingawa yakitimia matokeo huwa bora zaidi. Naamini walichokikuta. Hata hivyo ukiyachukua masharti yale manne na kuingia nayo katika kambi ya wafanyakazi, utaona jinsi mahali pale palivyopungukiwa: mishahara inatofautiana kwa pasipoti, kila mmoja anagombea saa za ziada zilezile, na vyumba hugawanywa kwa taifa kwa sababu msimamizi anaona ni rahisi hivyo. Hata nje ya kambi, mtu anayetafuta nafasi ya kitanda kule Deira au Satwa hukutana na vikaratasi vilivyobandikwa nguzoni vinavyosema Wafilipino tu, au Wakerala tu.

Jiko letu lilinifundisha zaidi kuliko utafiti. Kulikuwa na meko sita ya gesi kwa watu zaidi ya thelathini, na kila jioni palizuka ugomvi uliokuwa na jina la taifa. Wapakistani walisemwa kwamba hukaa mekoni saa nzima kwa ajili ya roti. Wabangali walisemwa kwa harufu ya samaki na mafuta ya haradali. Sisi tulisemwa kwamba tunakoroga ugali kwa nguvu hadi meko yanalegea, na kwa kweli meko mawili yalilegea. Hali hiyo iliendelea kwa mwaka mzima na ikazaa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha akaja msimamizi mpya wa kambi, mtu mkimya kutoka Nepali, akabandika karatasi mlangoni inayogawa jiko kwa zamu za kazi badala ya mazoea. Wa zamu ya alfajiri walipika saa kumi jioni, wa mchana walipika saa mbili usiku. Zamu ilichanganya mataifa, na watu waliorudi kwa basi moja, wakiwa na njaa moja, walijikuta wakisaidiana kumenya vitunguu ili wamalize mapema. Baada ya muda usiozidi miezi miwili, maneno yale yalipungua bila mtu yeyote kuhubiriwa. Sisemi kwamba tulipendana. Nasema tu kwamba ugomvi uliokuwa ukiitwa wa mataifa ulikuwa ugomvi wa meko sita.

Usipokuwa na mamlaka ya kubandika karatasi mlangoni, bado unaweza kuchagua. Panga kukutana na watu wa mataifa mengine mahali ambapo hakuna anayemsimamia mwenzake na hakuna kinachogombewa: katika mpira wa Ijumaa ambao timu zinagawanywa kwa kura, darasani, msikitini au kanisani baada ya ibada, au katika kufuturu pamoja mwezi wa Ramadhani. Ukiwa na uwezo wa kuomba chumba cha mchanganyiko, kiombe, hata kama wenzako watasema unawakimbia. Na usijidanganye kwamba mtu unayemwona kila siku unamjua, ikiwa kila siku unamwona akifanya jambo lilelile.

Usikilize ulimi wako

Kiswahili kina hila moja ambayo sikuitambua hadi nilipokuwa mbali na nyumbani. Tunapotaka kulaumu taifa zima, mara nyingi hatutumii wingi, tunatumia umoja. "Mhindi hakupi kitu cha bure." "Mwarabu hana shukrani." "Mkenya na pesa, humwezi." Sentensi hizo zinasikika kama habari ya mtu mmoja aliyeonekana kwa macho, ilhali hazimtaji yeyote. Dawa yake ni swali la neno moja: yupi? Mwulize mwenzako, na ujiulize mwenyewe. Ukijibu kwamba ni yule wa ghala namba tatu aliyenikata siku mbili za mshahara, basi sasa tunazungumza juu ya jambo la kweli na tunaweza kulifuatilia. Ukishindwa kujibu, nyamaza. Wapo watakaokujia na methali ya samaki mmoja akioza. Methali hiyo inasema juu ya samaki waliomo katika tenga moja, na mvuvi yeyote wa Kigombe anajua kwamba haisemi lolote juu ya samaki walioko baharini.

Maneno ya kuazima yana hatari yake. Katika Ghuba utasikia vibarua kutoka Asia ya Kusini wakiitwa "rafiq". Mimi, kwa masikio ya Kiswahili, nilifurahi, nikaona ni ustaarabu, nikaanza kumwita hivyo mzee wa Kerala aliyekuwa akituletea chai. Alivumilia wiki kadhaa, kisha siku moja akaweka trei mezani na kuniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yeye ana jina. Nilipouliza wengine ndipo nikaelewa: neno ambalo kwetu ni la heshima, pale limekuwa namna ya kumwita mtu ambaye hujataka kujishughulisha kujua jina lake. Vivyo hivyo kwa "Malbari", yaani mtu wa Kerala, na "Bangali" yanaposemwa kwa sauti fulani. Kanuni ninayoishika tangu wakati ule ni rahisi: simwiti mtu kwa neno nililolisikia kutoka kwa anayemwamuru, mpaka nimsikie mwenyewe au mwenzake akilitumia.

Hata kati yetu wenyewe, ughaibuni hutujengea dhana ambazo hatukuwa nazo nyumbani, kwa sababu ndiko Mtanzania na Mkenya hulala chumba kimoja kwa mara ya kwanza. Mtanzania anasikia "nipe chai" na kuona amri. Mkenya anasikia "samahani ndugu yangu, naomba kama inawezekana unisaidie chai" na kuanza kujiuliza mtu huyu anazunguka hivi kwa nini, anaficha nini. Kutoka hapo wa kwanza anahitimisha kwamba Wakenya hawana adabu, na wa pili kwamba Watanzania ni wazito na si wa kuaminika. Nilishuhudia watu wawili waliokaa mwezi mzima bila kusemeshana kwa sababu ya jambo kama hilo, wakapatanishwa na Mkongo wa Bukavu ambaye Kiswahili chake wote wawili walikuwa wakikicheka.

Jina "Mwarabu" nalo lilinipasukia mikononi nilipokwenda Muscat kwa shughuli za kampuni. Nilikuwa nimekwisha kuwa na picha kamili ya Mwarabu, iliyotokana na mabosi wawili na karani mmoja wa vibali. Katika duka la vitambaa mtaa wa Ruwi nililalamika kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwamba mzee huyu anataka kunichuna. Mzee akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, kizuri kuliko changu, kwamba hachuni mtu, bali bei ya kitambaa imepanda. Alikuwa mmoja wa Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar, wakaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, kisha wakaitwa na Sultani Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 ili waje kuijenga nchi. Tulikunywa kahawa. Bei hakuipunguza.

Tofautisha malalamiko na chuki

Msomaji aliyedhulumiwa anaweza kuona kwamba namwomba awaelewe waliomdhulumu. Siombi hivyo. Wapo wafanyakazi walionyang'anywa pasipoti, walionyimwa mshahara, waliofungiwa ndani na kupigwa, na mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa kafili mmoja, yaani mwajiri anayemdhamini, umewapa watu wabaya nguvu ambayo hawakustahili kuwa nayo. Jambo ninalotaka kulionyesha ni kwamba chuki dhidi ya taifa huyadhoofisha malalamiko yenyewe. Ukisema "Waarabu wananyanyasa", hakuna ofisi inayoweza kulipokea shauri hilo. Ukisema kwamba kafili fulani, wa anwani fulani, hajalipa tangu mwezi fulani, na una picha ya mkataba na ujumbe wa simu, ubalozi na wizara ya kazi wana pa kuanzia. Andika jina, tarehe, kiasi na shahidi, uzitume nakala kwa mtu aliyeko nyumbani kabla simu haijachukuliwa. Hasira ni yako na una haki nayo. Ielekeze kwa mwenye kosa, na kwa sheria iliyomwezesha.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba sheria ikibadilika, mambo yanayoitwa tabia ya watu huweza kubadilika nayo. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri wake kabla ya kuhamia kwa mwingine, na tangu Machi 2021 kiwango cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mfanyakazi yeyote, bila kujali taifa, pamoja na posho za chakula na malazi pale ambapo mwajiri hatoi vitu hivyo. Utekelezaji una kasoro nyingi, na waliofika huko wanazijua kuliko mimi. Hata hivyo ukiwa na nchi moja, watu walewale na sheria tofauti, huwezi tena kueleza kila kitu kwa damu. Falme za Kiarabu nazo zilitunga mwaka 2015 sheria inayokataza ubaguzi na uchochezi wa chuki kwa misingi ya dini, rangi na asili, na mwaka 2023 zikaweka mahali pake sheria mpya ya namna hiyohiyo. Inakulinda, na inakubana pia, kwa hiyo unachokirekodi kwa hasira na kukituma katika kundi la WhatsApp kinaweza kukurudia.

Na wewe pia ni "wao" kwa mwingine. Niliwahi kukataliwa chumba kwa simu mara tu niliposema natoka Afrika, na sababu niliyopewa ni kwamba Waafrika wanapiga kelele usiku. Nilikuwa nalala saa tatu usiku. Nilikaa na uchungu ule siku kadhaa, na katikati yake nikamkumbuka jirani yangu wa kitanda cha chini na mambo tuliyokuwa tukimsema kwa ushahidi wetu wa macho. Ukipatwa na jambo kama hilo, usiharakishe kulisahau. Andika ulivyojisikia, kwa maneno kamili, kwa sababu utayahitaji utakapokaa kumpima mtu mwingine.

Ukirudi nyumbani

Hatari kubwa inakuja wakati wa kusimulia. Wasikilizaji hawataki kusikia juu ya viwango vya mishahara na madeni ya mawakala; wanataka kujua Wahindi wakoje, Wafilipino wakoje, na wewe unataka kuwafurahisha. Jizoeze kuanza kwa idadi na mahali: "Nilifanya kazi na madereva wawili kutoka Peshawar, mmoja alikuwa mkali, mwingine alikuwa akituimbia." Hadithi haipotezi ladha. Inapata watu ndani yake. Usisahau kwamba anayekusikiliza ni mtoto atakayesoma darasa moja na Mhindi aliyezaliwa Upanga, ambaye hajui lolote juu ya bakala la Dubai, na ambaye huenda familia yake iko Tanzania tangu kabla babu yako hajahamia mjini.

Mimi nilitumia daftari, na ninalipendekeza. Gawa ukurasa katika sehemu tatu. Ya kwanza andika dhana kama ulivyokuwa ukiisema, bila kuilainisha. Ya pili andika ni nani hasa uliyemwona: wangapi, kazi gani, deni gani, mahali gani, mlikuwa mkigombea nini. Ya tatu andika maelezo mengine yanayowezekana ukiacha taifa. Usifanye zote kwa usiku mmoja. Nilikuwa na dhana kumi na tisa. Kumi na nne zilijieleza ndani ya mwezi, na nyingi kati ya hizo zilirudi kwenye kazi, deni au meko. Tatu zilibaki nusu, kwa maana kwamba kuna desturi halisi nyuma yake, kama ile ya kula kimya au kutomtazama mkubwa machoni, ambayo nilikuwa nimeipa jina baya.

Mstari wa kumi na nane unasema Wanepali hawasalimii asubuhi. Niliandika sehemu ya pili kwa ukamilifu: watu watano, zamu ya usiku, ngazi za nyuma. Yule msimamizi wa jiko, ambaye alinisalimia kila siku, naye nimemwandika hapo pembeni. Sehemu ya tatu ya mstari huo bado ni tupu. Wa kumi na tisa unanihusu mimi na Wakenya, na nimeufungia na pini ya karatasi mpaka Desemba, atakapokuja rafiki yangu wa Kisumu.